Tangi la Bakari

Ijumaa, 5 Septemba 1986

Samaki wa buluu amekufa. Nimemkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mchanga, macho yamefanya ukungu. Joto la maji la kawaida. Chumvi ya kawaida. Kipimo cha Bakari kinaelea palepale alipotia alama ya kalamu. Pampu ya hewa inanguruma. Sababu sijaiona.

Jambo moja la ajabu. Konokono wote walikuwa wamepanda kioo, wamejibandika juu ya maji, mahali pakavu. Kama watu waliokimbilia paani.

Nimemtoa samaki kabla Mama hajaja, nimemfukia chini ya mpapai. Mama akaja kuhesabu. Huhesabu kila asubuhi kabla ya chai, kama mwenye kuku. Alipomaliza akarudi jikoni.

Jumapili, 7 Septemba

Niweke mambo wazi, maana nikiyasoma baadaye nitakuwa nimesahau yalivyoanza.

Tangi ni la mdogo wangu, Bakari, mtu wa idara ya samaki. Alilitengeneza wakati ule wa foleni za sabuni, kwa kioo cha dirisha la duka lililofungwa Barabara ya Kumi na Mbili. Mwenye duka alikuwa ameandika juu yake kwa rangi SUKARI HAKUNA, kwa kuchoka kujibu watu. Bakari alikwangua SUKARI, akaacha HAKUNA. Alicheka sana. Gundi aliipata kwa mabaharia wa meli ya katani. Ndani akaweka kipande cha mwamba wa bahari: mawe ya matumbawe, kaa, konokono, chaza, samaki wadogo. Na ua la bahari. Hilo si ua, ni mnyama: ana vidole vingi laini, amejishika jiweni. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hulala katikati ya vidole hivyo wala hawadhuriki. Ua ndilo la mwisho kuletwa.

Mwezi wa Mei Bakari alikwenda peke yake kutazama mwamba uliopigwa baruti na wavuvi. Mtumbwi ulirudishwa na maji. Shati lake lilikuwa ndani, limekunjwa vizuri. Hapakuonekana kingine.

Habari ile niliiandika mimi. Aya nne, nikazisoma kwa simu hadi gazetini, Dar es Salaam. Niliandika "anahofiwa kufa", kwa sababu pasipo na maiti ndivyo tunavyoandika. Mama alitaka nimsomee gazeti. Akalishika neno "anahofiwa". Tangu siku hiyo hataki matanga, hataki hitima. Anasema mtu hasomewi hitima kwa hofu. Amewaambia majirani kwamba ua likiwa hai, Bakari yu hai.

Baada ya hapo nilifunga chumba changu Usagara, nikahamia hapa Mabawa kwa Mama.

Kwa hiyo tangi lisife. Ndiyo kazi niliyo nayo. Sikuiomba.

Jumanne, 9 Septemba

Nilishuku maji. Yale ya mwisho tuliyachota karibu na bandari. Huenda yana mafuta ya meli. Leo Mbaruku, aliyekuwa akipiga mbizi na Bakari kazini, ameleta majaba mawili ya maji kwa mkokoteni. Ameyachota Mwambani, maji yakijaa, mbali na mto. Tumebadilisha robo ya tangi.

"Bwana Gazeti," akaniambia, "watu wa mtaa huu hawana maji ya kuoga, wewe wawaogesha samaki."

"Jaza, Mbaruku," Mama akasema. "Mdomo utaujaza kwako."

Mchana umeme ulikatika. Tumeunga mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kwenye mrija. Unaujaza upepo, nao unavuja polepole ndani ya maji mpaka umeme urudi. Akili ya Bakari. Mama ndiye anayeujaza kwa pampu ya mkono. Hakubali nimpokee. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kanga.

Ijumaa, 12 Septemba

Kaa wawili. Mmoja ametoka nje ya gamba lake, laini, rangi ya ukucha. Konokono tena juu ya maji, wote.

Si maji, basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Alasiri. Nilikuwa nakwangua kutu kwenye mfuniko. Tangi likagonga. Ko-ko. Kisha, baada ya pumzi moja, ko.

Bakari tangu utoto aligonga mlango hivyo. Mara mbili, halafu mara moja, kama mtu aliyesahau kitu akakikumbuka.

Jikoni Mama akaitika, "Karibu." Akaendelea kukuna nazi.

Nilimwuliza tangu lini anaitika. Akasema tangu Juni. Akasema mimi huwa nipo bandarini nikitafuta habari za watu.

Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Bandarini. Mitumba imeshushwa, marobota kwa marobota. Sabuni ipo kila duka siku hizi, wala hakuna foleni. Watu wanapita, wanatazama, wanakwenda zao. Nimetuma aya sita.

Niliporudi niliweka sikio kwenye kioo. Hakuna mlio. Katika kioo nikaona uso. Ni wangu. Watu wamesema siku zote kwamba tunafanana, nami sikuwahi kukubali. Leo sikukaa kubisha.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelipata linalogonga.

Niliyatoa mawe moja moja, nikayaweka katika beseni la maji ya chumvi. Katika tundu la jiwe la tatu kulikuwa na kamba mdogo, mwenye gando moja kubwa kupita mwili wake. Akilifumba ghafla linatoa mlio. Nikamtia kwenye bakuli, nikangoja. Ko-ko. Ko.

Nikamwita Mama amwone. Nilikuwa nimefurahi, nakiri. Habari yenye chanzo.

Alimtazama kwa muda. "Na nani amemfundisha?" akauliza.

Nikamrudisha kwenye tundu lake.

Nilimshuku pia kwa mauaji. Lakini waliokufa hawana jeraha hata mmoja.

Ijumaa, 19 Septemba

Chaza. Amefumbuka, amelegea, ananuka. Ua la bahari limejikunja mpaka limekuwa kama ngumi. Wale wawili wa chungwa wanalizunguka, hawana pa kuingia. Konokono juu.

Ijumaa ya tatu. Wiki zilizotangulia sikuangalia siku, Mama aliangalia.

"Wanakwenda Ijumaa," akasema. "Siku njema ya kufa." Akajisikia alichosema. Akaondoka.

Naogopa ua halitafika mwisho wa mwezi. Naogopa zaidi asubuhi atakapolikuta yeye kabla yangu.

Jumapili, 21 Septemba

Anayeua huja Alhamisi. Alhamisi siko nyumbani: ni siku ya ripoti ya juma, nakaa posta nikisubiri simu ya Dar es Salaam mpaka giza linaingia. Kwa hiyo huja nisipokuwapo.

Nilimwuliza Mama. Je, sakafu huoshwa kwa dawa? Hapana. Dawa ya mbu? Itoke wapi? Kuna anayetia mkono majini? Akaweka kijiko chini.

"Mimi si waziri, Saidi. Usinihoji na kalamu mkononi."

Kalamu nilikuwa nayo kweli. Nikaitia mfukoni. Hakuniangalia mpaka chakula kikaisha.

Alhamisi, 25 Septemba

Sikwenda posta. Mhariri atapiga kelele, atanyamaza.

Nilikaa chumba cha Bakari tangu alasiri, kwenye kiti, uso kwa tangi. Hakuna aliyeingia. Paka mmoja alichungulia. Kamba aligonga, Mama akaitika.

Baada ya Magharibi Mama akaja na chetezo. Makaa, ubani. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa tangu Baba afe amefanya hivi, katika chumba hiki, kwenye kona ile ya nyuma ya mlango ilipokuwa kichwa cha kitanda cha Baba. Bakari alikirithi chumba, kona ikabaki ya Baba. Mama hukaa chini, husoma Fatiha, hutaja majina. Baba. Bibi. Dada zake wawili. Mtoto aliyekufa kabla yangu. Jina la Bakari halimo. Nimeyasikia majina haya nusu ya umri wangu, ndiyo maana sikuwa nikiyasikiliza.

Nikaona moshi. Haukupanda. Ulitoka kwenye chetezo, ukainama, ukaenda upande kama uzi unaovutwa, ukaingia kwenye tundu la pampu. Pampu iko sakafuni, shubiri moja kutoka kwenye makaa. Nikageuka kutazama tangi. Mapovu yalikuwa yakipanda kama kawaida. Na kila povu lililopasuka juu ya maji lilitoa kijimoshi.

Nimeona mambo. Lile halitanitoka machoni.

Bakari aliitundika pampu nje, kwenye msumari wa dirisha, ivute hewa ya uani. Mama aliiingiza ndani mwezi wa Juni, kwa ajili ya wezi. Mtaa huu wameiba sufuria jikoni na maharage yakichemka. Aliiweka mahali salama kuliko pote nyumbani: kwenye kona ya Baba.

Nikainuka, nikaitoa nje palepale, nikaitundika kwenye msumari wake.

"Wataichukua," Mama akasema, katikati ya dua.

"Nitailinda."

Nimeilinda.

Ijumaa, 26 Septemba

Hakuna aliyekufa. Konokono chini, mahali pao. Ua limejifungua kidogo. Mmoja wa wale wa chungwa ameingia, ametoka, ameingia. Mama amehesabu, akatabasamu. Sijaona meno yake tangu Mei.

Sijamwambia. Chanzo kimoja si habari.

Jumatatu, 29 Septemba

Ua limefunguka lote. Vidole vyake vinayumba. Mama anakula mbele ya tangi, sahani mapajani, anawaambia bei ya nazi.

Leo aliniita Bakari. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimeirudisha pampu kwenye kona. Nimejiambia ni kuhakikisha. Huenda wiki iliyopita ilikuwa bahati. Huenda ni maji mapya yaliyokawia kufanya kazi. Mama amefurahi kwamba imeingia ndani.

Chetezo. Fatiha. Majina. Moshi ukainama.

Nilikaa nikatazama.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mmoja wa wale wa chungwa amekufa. Ua ni ngumi. Yule aliyebaki amesimama pembeni mwa kioo, haendi mbele wala nyuma.

Imethibitishwa. Nimemwua ili niwe na hakika. Nimeandika ajali za mabasi na mashamba ya katani yaliyofungwa na watu wake wakiwa ndani, nikaenda kula. Leo nilikaa sakafuni.

Pampu nilikuwa nimeifungua, bisibisi mkononi, Mama aliponikuta. Ndani ya pampu mna kipande cha sufi cha kuchuja hewa. Kilikuwa cheupe; Bakari alinionyesha. Sasa ni rangi ya tumbaku, kinanata; kimezuia moshi tangu Juni mpaka kikajaa. Akakichukua, akakinusa.

"Ubani wangu huu."

Nikamweleza yote. Kwa ufupi, kama ninavyosoma kwenye simu: pampu ilikuwa wapi, ikahamia wapi, moshi unaingia wapi, unafanya nini. Nilitazamia aseme kwamba ndiye aliyewaua. Nilikuwa na jibu tayari.

Hakusema hivyo. Alikishika kile kipande cha sufi katika kiganja, muda mrefu.

"Walio hai huchomewa udi," akasema. "Ubani ni wa wafu. Nawataja wote, yeye simtaji. Na kila juma ubani unamwendea yeye."

Nilitaka kumwambia ni hewa tu, ni mrija. Nilikuwa na ukweli wote kwenye ncha ya ulimi.

"Ubani haupotei njia, Saidi."

Akatoka na kile kipande cha sufi mkononi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hakutoka chumbani mpaka adhuhuri. Alipotoka alikuwa ameoga, amevaa kanga za zamani. Akaniuliza kama bamvua limeanza, zile siku za maji kukauka mbali. Nikamtuma mtu kwa Mbaruku. Mbaruku akaja mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Kesho maji yatakauka mpaka wapi?"

"Mpaka ukingo wa mwamba. Saa tano hivi."

"Njoo na jaba."

Anataka kuvirudisha vyote baharini. Nikamwambia hapana haja. Pampu ikikaa dirishani wataishi, nimeshaona wakiishi. Nilijikuta nalitetea tangi kama wakili. Wiki zote hizi sikulipenda, na sasa sauti yangu ilikuwa juu.

"Najua wataishi," akasema. "Wewe wadhani nawapeleka hospitali?"

Mbaruku alitazama chini. Yeye mwenye neno kwa kila kitu.

Jumapili, 5 Oktoba

Mwambani. Tuliteremka saa nne, mimi na Mbaruku tumebeba jaba kwa mti mabegani, Mama mbele na ndoo. Maji yalikuwa yamerudi mbali. Wanawake wamejaa mwambani na vikapu, wanachokoa pweza. Wengine walimwita Mama kwa jina. Akajibu, hakusimama.

Maji ya kifundo cha mguu, kisha ya ugoko. Tukapita pale palipopigwa baruti. Matumbawe yamelala vipande vipande, meupe, kama vyungu baada ya ugomvi. Hakuna kinachoogelea. Mama alipita katikati yake polepole, akiangalia kila mahali pa kukanyaga. Nilijua anachotafuta. Hakukiona. Nami sikukiona.

Mbele kidogo mwamba ni mzima. Akapata shimo lenye maji ya kutosha. Akalitoa jiwe lenye ua kwa mikono yake miwili, akaliteremsha, akaliegemeza upande wa kibla. Halafu akaokota mawe mengine, akaliziba pembeni moja moja lisitikisike, kama wanaume wanavyoziba kaburini. Mbaruku alivua kofia ya kazini, akaivaa ile ya kushona aliyokuwa nayo mfukoni.

Samaki wa chungwa alizunguka mara moja akaingia ndani ya vidole. Ua lilikuwa bado halijafunguka vizuri. Aliingia hivyohivyo.

Jiwe la kamba lilibaki la mwisho. Mama akaliweka chini, akainuka, mkono kiunoni. Wanawake walikuwa wamesogea mbali. Upepo ulitulia. Ndipo tukasikia.

Mwamba wote ulikuwa unagonga. Huku, kule, chini ya miguu yetu, mpaka ukingoni. Mamia yao. Ko-ko. Ko. Ko-ko.

Mama alisikiliza mpaka maji yakaanza kurudi.

"Wengi," akasema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Posta nilikwenda asubuhi, nikawahi kurudi.

Chetezo kwenye kona yake. Pampu nimeiweka kabatini. Mama akasoma Fatiha. Baba. Bibi. Dada zake wawili. Mtoto aliyekufa kabla yangu.

"Na Bakari," akasema. Kwa sauti ileile.

Moshi ulipanda wima mpaka darini.

Sikuweza kuitikia Amin kwa wakati. Niliitikia baadaye.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hitima imesomwa jana baada ya sala ya Ijumaa. Watu walijaa mpaka uani. Mbaruku aligawa kahawa. Nimeandika aya moja kwa gazeti, na safari hii neno la hofu nimeliondoa.

Leo nyumba imerudi kimya. Nimelikausha tangi. Chumvi imeganda kwenye kioo, inatoka kwa kisu tu. HAKUNA bado iko palepale, rangi yake haijachujuka. Nimekwangua pembeni yake, sikuigusa.

Kisu kiligonga kioo. Mara mbili, halafu mara moja. Sikukusudia. Sidhani kama nilikusudia.

"Karibu," Mama akaitika jikoni.

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Akaja mpaka mlangoni, kifuu mkononi. Akalitazama tangi tupu. Akanitazama.

"Kumbe wewe."

"Ni mimi, Mama."

Akasimama kidogo. Akarudi jikoni. Nilishika kisu, sikukwangua, nikasikiliza. Ikachukua muda. Kisha mbuzi ikaanza tena kukuna.